Bi Mkubwa Aliyemwaga Hita Mwenyewe

Nilikuwa na siku nne tu Dubai nilipofanya kosa la kuwasha hita mwezi wa saba. Nilikuwa nimetoka Machakos kuja kufanya kazi ya ulinzi kwenye duka kubwa, na kitanda changu kilikuwa katika fleti ya wanawake watano huko Naif, ghorofa ya tatu. Kwetu asubuhi kuna baridi, na mtu aliyebahatika kuwa na hita huiwasha kabla ya kuoga. Basi nikabonyeza ile swichi yenye taa nyekundu nje ya bafu, nikakaa kitandani kungoja maji yapate moto, nikijiona nimefika ng'ambo kweli.

Saa moja baadaye mwenzangu mmoja alipiga kelele bafuni hadi nikadhani ameona nyoka. Sijafungua mdomo, mlango wa nje ukagongwa, akaingia mwanamke mzee, mfupi, amevaa dera la maua, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Mkononi alikuwa na spana.

"Nani kawasha hita?" akauliza.

Nikainua mkono kama mtoto wa shule.

"Umetoka wapi, mwanangu?"

"Kenya."

"Hiyo Kenya naijua. Nauliza leo umetoka wapi hata hukuliona jua?"

Akanishika mkono, akanipeleka bafuni kunisomesha. Tangi la maji liko juu ya paa, na jua hulipika mchana kutwa, kwa hiyo wakati wa kiangazi bomba la buluu hutoa maji ya kukorogea chai. Hita yenyewe iko ndani, juu ya dari ya bafu, kwenye ubaridi wa kiyoyozi. Ukiizima, maji yaliyomo hutulia na kupoa. Ndiyo maana kuanzia mwezi wa tano watu wenye akili zao huzima hita na kuoga kwa bomba jekundu, halafu mwezi wa kumi na moja wanarudi kama kawaida. Mimi nilikuwa nimewaachia wenzangu mabomba mawili ya moto na hakuna la baridi, katika siku ambayo hata kitasa cha mlango wa nje kilikuwa hakishikiki. Nilioga kwa chupa tatu za maji ya friji, nikimlaani moyoni yule mzee na spana yake.

Alikuwa jirani yetu wa mlango wa mkabala. Sote tulimwita Bi Mkubwa, na sikumbuki kama kuna aliyewahi kutaka kujua jina lingine. Alikuwa Mzanzibari aliyekaa Naif miaka mingi kuliko lifti ya jengo. Mumewe, Mungu amrehemu, aliuza viungo sokoni Al Ras, na baada ya yeye kufariki Bi Mkubwa alibaki peke yake kwenye fleti ileile, na hita ileile aliyoitundika yule marehemu.

Hiyo hita alikuwa akiisalimia. Nilimsikia kwa masikio yangu asubuhi nilipokwenda kuomba chumvi. Alisimama mlangoni mwa bafu, akaangalia juu, akasema, "Shikamoo." Kisha akajiitikia mwenyewe kwa sauti nzito, "Marahaba." Aliponiona nimesimama na kikombe changu cha chumvi, hakuona haya hata kidogo. Alisema ile hita ndiyo kubwa kuliko yeye humo ndani, na kwamba mtu asiye na heshima kwa kinachompa maji ya kuoga hawezi kuwa na heshima kwa mamake.

Vifaa vyake alivitia kwenye mkoba mweusi wa ngozi wenye kufuli la dhahabu, mkoba wa kwendea harusini. Ndani mlikuwa na spana mbili, bisibisi, koleo, tepu nyeupe ya mafundi bomba, washa za mpira za kuzuia maji yasivuje zilizofungwa kwenye leso, na kichupa cha udi alichokisahau humo tangu harusi ya nani sijui. Spana zake zilinukia vizuri kuliko mimi. Mwenzetu mmoja alimwambia tutamnunulia sanduku la vifaa, akakataa katakata. Alisema mwanamke akionekana ngazini na sanduku la vifaa kila mwanamume atataka kumsaidia, lakini akiwa na mkoba wa harusi wataona ana shughuli zake na watampisha.

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Lifti aliiogopa, akipanda ngazi zote tatu kwa mguu huku anaitukana, lakini juu ya ngazi ya mbao iliyokosa kipande kimoja alisimama kwa kidole gumba akiimba. Alitugombeza tukiacha bomba likidondoka, kisha Ijumaa akaosha ukumbi wa ghorofa nzima kwa ndoo sita. Alikuwa akisema, "Mimi sina habari na mambo ya watu," halafu akakueleza zamu yako ya wiki ijayo kabla msimamizi wako hajakutumia. Msaada hakuutaka, ila kila aliyepita mbele ya mlango wake aliondoka amebeba kitu chake kimoja, akipeleka mahali.

Natur wa jengo, yule mlinzi anayekaa chini na funguo zote, alikuwa akimkimbia. Yeye ndiye aliyetakiwa kuleta fundi kila hita ilipohitaji kusafishwa, na Bi Mkubwa alikuwa amekwisha kuwafukuza mafundi wake watatu. Wa kwanza alifungua vali kabla ya kuzima umeme. Wa pili alivaa viatu bafuni. Wa tatu hakufanya kosa lolote, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Kaja, kamaliza, kaondoka," alinisimulia. "Hakuniuliza hata suala moja. Kwani mimi humu ndani nani?"

Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa nne, kabla joto halijashika, alimwaga hita mwenyewe. Chumvi na chokaa za maji ya huku hujikusanya chini ya tangi mpaka hita inaguguma kama tumbo lenye njaa, na dawa yake ni kuimwaga yote, kuisuza na kuijaza upya. Alinifundisha mwaka wangu wa pili, kwa hita ya fleti yetu, kwa masharti kwamba nisiguse kitu hadi nikariri. Zima swichi, kisha zima na ile kubwa ya mlangoni. Ngoja maji yapoe. Funga maji yanayoingia. Fungua bomba jekundu chini ili hewa ipate njia. Ndipo uunganishe mpira wa kumwagia maji, na ndipo ufungue vali ya hita.

Nilikariri nikiwa zamu kazini, nikakariri kwenye basi, na siku ilipofika nikasahau bomba jekundu. Nilifungua vali, maji yakatoka kikombe kimoja, yakakatika. Nikatikisa mpira, nikaupuliza, nikaunyonya, nikala chokaa. Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akimenya karanga. Baada ya dakika kama ishirini alinyoosha mguu, akafungua bomba jekundu kwa kidole cha mguu. Juu ya vichwa vyetu hita ikavuta pumzi ndefu, na maji ya rangi ya chai ya maziwa yakashuka kwa kishindo.

"Na wewe ungezibwa pua ungetoa nini?" akaniuliza.

Tulicheka hadi nikakaa sakafuni ndani ya maji. Sijui kwa nini ile siku ilinifurahisha vile. Labda ni kwa sababu kazini nilikuwa mtu wa kusimama masaa kumi na mawili nikiangalia wengine wakiingia na kutoka, na pale nilikuwa nimefanya kitu kikafanyika. Nililowa, nilinuka kutu, na nilikuwa na furaha tele.

Nyuma ya mchezo huo kulikuwa na jambo lililomkosesha Bi Mkubwa raha, na sote tulilijua. Alikuwa na mtoto mmoja, mwanamume mtu mzima, mwenye cheo ofisini na nyumba ya bustani upande wa Mirdif. Huyu mwana alimpenda mamake, hilo halina ubishi. Kila siku alimpigia simu mara mbili. Lakini alitaka mama ahame Naif akaishi kwake, na mama hakutaka. Walikuwa wamekubaliana hivi: madhali anaiweza nyumba yake mwenyewe, atakaa. Siku atakayoshindwa, anafunga mizigo. Na kipimo cha kuiweza nyumba, kwa maneno ya Bi Mkubwa mwenyewe aliyejitega, kilikuwa ni kumwaga hita. Kila mwezi wa nne mwana alikuja na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi, akasimama mlangoni mwa bafu na kushuhudia.

"Kwani kule kwake kuna ubaya gani?" nilimwuliza siku moja. "Si kuna bustani?"

"Kuna bustani na mtu wa bustani. Kuna jiko na mtu wa jiko. Nikienda nitakalishwa kitini, niletewe chai. Nikimaliza hiyo niletewe nyingine. Mwanangu, mimi sitaki kufa nimeshika kikombe."

Alisema hivyo akicheka, huku akijikandakanda mikono. Ndipo nilipoiona vizuri. Vifundo vya vidole vilikuwa vimevimba, na kidole cha mwisho cha mkono wa kulia kilikuwa hakikunjiki tena. Nikaelewa kwa nini wiki hiyo alinipa chupa tatu za achari nimfungulie, akidai eti ananipima nguvu.

Mwaka huo, wangu wa tatu, siku moja kabla ya mwana kuja, aliniita. Mlango aliufunga kwa ufunguo, na mazungumzo yakawa ya kunong'ona, ingawa tulikuwa wawili tu.

"Ile nati ya chini ya hita. Panda uilegeze kidogo. Kidogo tu. Kesho mimi nitakuja kuimalizia mbele yake."

"Bi Mkubwa, huo si udanganyifu?"

"Udanganyifu ni mtu kusema uongo. Mimi kesho sitasema kitu. Yalla, panda."

Nikapanda. Nililegeza kidogo, nikaona bado ngumu kwa vidole vile, nikamwonea huruma, nikalegeza tena. Nikashuka, nikamtazama anavyofurahi, nikapanda tena nikaongeza robo. Huruma hiyo ya tatu ndiyo iliyotuangusha.

Kesho yake mwana alikuja na kanzu yake, akasimama mahali pake. Bi Mkubwa alizima swichi, akazima kubwa, akangoja maji yapoe, akafunga yanayoingia, akafungua bomba jekundu, yote kwa utaratibu na kwa madaha, mkoba wa harusi umening'inia begani. Akapanda ngazi. Mimi niliishika kwa chini. Akaiweka spana kwenye nati, akavuta pumzi, akavuta spana. Nati ilitoka nzima nzima ikampita sikioni. Bomba likaifuata. Na hita nzima, lita hamsini za maji ya kutu na chokaa ya mwaka mzima, ikamwagika kwenye kifua cha mwanawe.

Yule bwana hakusogea. Nadhani alishtuka mno. Maji yaliteremka kwenye kanzu yakiacha ramani za rangi ya udongo, vipande vya chokaa vikanasa kwenye ndevu, na tone la mwisho likaning'inia puani. Bi Mkubwa alibaki juu ya ngazi na spana mkononi, ametulia kabisa. Niliona mizigo, niliona gari, nikaona kiti na kikombe cha chai, na yote nimeyaleta mimi.

"Ni mimi, kaka," nikasema. "Nililegeza jana. Nililegeza kupita kiasi."

"Kwa nini ulegeze?" akauliza, macho bado yamefumbwa.

Akafumbua macho, akaangalia mikono ya mamake.

"Mama, mkono umeshindwa."

"Mkono umeshindwa," Bi Mkubwa akasema. "Mimi sijashindwa. Vua hiyo kanzu, ushike ndoo."

Na yule mkubwa wa ofisi, naapa, akavua kanzu, akashika ndoo. Alisuza tangi mara nne kwa amri za mamake. Alifunga nati upande usio wake, akakemewa. Alimwaga maji nje ya ndoo, akakemewa. Akaulizwa alisomea nini miaka yote ile kama hajui kulia na kushoto kwa nati, na alipojibu kwamba alisomea biashara, mamake alisikitika kwa dhati. Walipomaliza, mama na mwana walikuwa wamekaa sakafuni wameegemea ukuta, wamelowa wote wawili, wakicheka. Nilikuwa nimeona watu wazima wengi wakigombana Dubai kwa simu na wazee wao walio mbali. Wawili hawa nilitamani wangekuwa wangu.

Lakini makubaliano ni makubaliano, na Bi Mkubwa hakuwa mtu wa kuyakimbia. Alisema atahama siku ile nyumba ya mwanawe itakapokuwa na hita inayomhitaji. Mwana akasema nyumba yake haina hita, maji yanapata moto kwa jua, kuna vioo juu ya paa.

"Khalas," akasema Bi Mkubwa. "Basi mimi nipo hapa."

Mwaka huohuo kampuni yangu ilinihamishia Hatta, kule milimani, kulinda nyumba za wageni. Huko majira ya baridi ni baridi kweli, na hita hufanya kazi iliyoumbiwa. Tulisalimiana kwa simu, zaidi yeye akiniuliza hali za hita za wageni kuliko hali yangu. Kisha siku moja akaniambia, kwa sauti nyepesi tu, kwamba amehamia Mirdif. Nilikata simu nikalia, na nilimkasirikia yule mwana siku nzima. Nilijua amemshinda, na nilijua ni mimi niliyempa spana.

Nilimtembelea mwezi wa nne uliofuata, siku yangu ya mapumziko. Nilijitayarisha kukuta mtu mdogo kwenye kiti kikubwa. Nikafunguliwa mlango na Bi Mkubwa mwenyewe, dera limekunjwa kiunoni, mkoba wa harusi begani, sauti juu.

"Umechelewa. Nimeshazima umeme."

Alinivuta hadi kwenye bafu lake. Ukutani, si juu ya dari, bali usawa wa kifua chake, palitundikwa hita. Mwana alikuwa amesimama kando yake na fulana kuukuu, ndoo mkononi. Alinieleza kwa adabu kwamba ule mfumo wa jua ulikuwa haufiki vizuri upande huu wa nyumba, hivyo ilibidi afunge hita, na mafundi wa siku hizi hawaaminiki, kwa hiyo alikwenda Naif kumsihi mama aje.

"Sikuhamishwa," Bi Mkubwa akanidokeza. "Nimeajiriwa."

Mwana akafungua nati, upande ulio wake. Maji yakashuka kwenye ndoo. Mama alimtuma akalete ndoo nyingine jikoni, na alipotoka tu, Bi Mkubwa akanigeuzia ndoo ile niione. Maji yalikuwa safi kama ya chupa.

"Miezi yote hii, na hakuna hata punje moja ya chokaa," akanong'ona. "Hita inayotumika haitoi maji kama haya. Majira ya baridi niliizima wiki mbili, na nikaoga maji ya moto kila siku. Haikuunganishwa na kitu; maji haya kayajaza mwenyewe kwa ndoo. Katundika tangi ukutani ili nipate la kufanya."

Nilitaka kumwonea huruma, lakini uso wake haukunipa nafasi. Ulikuwa umejaa furaha, ile ya mtu aliyekamata mwizi akamkuta ni mtoto wake anaiba sukari.

"Utamwambia?" nikauliza.

"Nimwambie nini? Mtoto kakaa kitako akafikiria, akatafuta hita ya zamani mji mzima, akaitundika mahali nisipande ngazi. Nimwambie haifanyi kazi?"

Akafungua mkoba, akatoa kifuko cha plastiki chenye unga mweupe. Ilikuwa chokaa ya kupaka ukutani. Akamimina nusu kwenye ndoo, akakoroga kwa bisibisi mpaka maji yakawa uji, na akakirudisha kifuko haraka aliposikia hatua zikija.

Mwana akaingia, akachungulia ndani ya ndoo.

"Mama, mwaka huu ni nyingi."

"Nyingi sana," akasema Bi Mkubwa. "Bila mimi mngeoga mawe. Haya, mwaga, tusuze tena."

Mwana akaibeba ile ndoo kwa mikono miwili, taratibu, akatembea nayo bafuni akitabasamu, asimwage hata tone. Nikainama kushika mpira ili wasiuone uso wangu.